Mama Ndege na Gari la Kukodi

Kabla ya kupiga teke magurudumu, kabla hata ya kuuliza mafuta yamebaki kiasi gani, Mama Ndege aliinusa motokaa. Alifungua mlango, akaingiza kichwa, akavuta pumzi, kisha akatoka na kusema kama inamfaa au haimfai. Gari lililonuka sigara alilikataa papo hapo. Lililonuka samaki alilikataa kwa masikitiko, maana samaki mwenyewe alimpenda. Tajiri wangu, Mhindi mmoja mwenye karakana na magari ya kukodi pale Dar es Salaam, alizoea kuniambia siku moja kabla ya meli kutia nanga niache milango yote wazi juani na nisipakie mtu. "Bibi yako anakuja," alikuwa akisema. Wateja wengine waligawiwa madereva ovyo ovyo, lakini huyu kwa miaka yote aliyokuja alikuwa wangu, na ndiyo maana siwezi kumsimulia yeye bila kujisimulia mimi, ingawa ningependa sana niweze.

Jina lake nalijua ila silitaji. Watu wa Kibaha na Kisarawe hawakuwahi kulijua na hawakulihitaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana huko kwao Ulaya, hana mume, hana mtoto, na kila alipopewa likizo ndefu alipanda meli akaja Tanganyika kutazama ndege. Nasema kutazama. Wazungu wengine tuliowajua walikuja na bunduki, mahema, wapishi na kampuni ya kuwapangia safari yote mpaka saa ya kuoga. Yeye alitaka motokaa na barabara tu, na mtu asimwambie aende wapi.

Kulikuwa na tatizo dogo. Tajiri hakukubali kumwachia mwanamke gari peke yake, na Mama Ndege hakukubali kuendeshwa. Walibishana asubuhi nzima mbele ya karakana, yeye kwa Kiswahili cha kitabuni na tajiri kwa Kiswahili cha dukani, mpaka wakapatana kwamba dereva atakwenda lakini hatashika usukani. Basi nikawa dereva anayeendeshwa. Nilikaa kushoto nimekunja mikono, sare yangu imepigwa pasi, na Mzungu mwanamke kulia kwangu akipambana na gia. Pale panapoitwa siku hizi Kwa Mathias, enzi hizo palikuwa na maduka mawili matatu tu kando ya barabara ya Morogoro, muuza machungwa mmoja alinipa pole kwa kuugua. Alidhani napelekwa hospitali.

Siku moja msimamizi wa shamba la mkonge, Mzungu mwenzake, alitusimamisha akamwuliza imekuwaje mtu mweusi amestarehe na yeye anatoka jasho. Mama Ndege alimjibu kwa lugha yao, kisha akanitafsiria tulipoondoka. Alikuwa amemwambia kwamba mimi nina macho mazuri kuliko yake, kwa hiyo mimi natazama na yeye anaendesha. Nilifurahi kwa siku tatu.

Uendeshaji wake ulikuwa wa hatari kwa namna yake. Hakuwahi kwenda mbio, lakini alifunga breki bila kumwonya mtu, popote ndege alipotokea. Tuliwahi kusimama katikati ya daraja la Ruvu, malori mawili nyuma yetu yakipiga honi, kwa sababu ya keremkerem aliyekaa juu ya waya. Nilijifunza kutoshika kikombe cha chai garini.

Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sote. Kuuliza njia kwake ilikuwa hotuba. "Naomba radhi, ndugu yangu, je, barabara hii yaelekea Mzenga?" Na aliyeulizwa, kwa heshima ya hotuba hiyo, alijibu ndiyo mama hata kama njia ilikuwa inakwenda kwingine kabisa. Tukapotea. Lakini hakuwahi kumlaumu mtu kwa jambo hilo. Alifungua daftari lake akaandika upande wa kulia.

Daftari hilo ndilo lililokuwa Mama Ndege mwenyewe, ukinielewa. Kila ukurasa aliupiga mstari katikati. Kushoto aliandika yale aliyoyaona, kulia yale aliyoambiwa. Ndege aliwaandika kwa lugha ya kwao, lakini mambo ya watu, desturi na vyakula na majina ya vijiji, aliyaandika kwa Kiswahili ili ajifunze, kwa hiyo niliweza kuyasoma. Siku ya kwanza kabisa, tukielekea Gwata, nilimwambia huko mbele kuna kanga wengi sana. Akaniuliza, "Umeona, au umeambiwa?" Nikasema watu husema. Kalamu ikaenda kulia. Siku nyingine, kwa kutaka kumpendeza, nilidai nimemwona tai juu ya mnazi. Alisimamisha gari, akaangalia kwa darubini muda mrefu, akaniambia kwa upole, "Tazama tena." Lilikuwa kuti limekauka.

Nilitazama tena, na nikaendelea kutazama. Nilijifunza kumtofautisha pugi na njiwa wengine kwa mlio tu, nilijifunza kwamba dudumizi akilia ndani ya kichaka huna haja ya kumtafuta maana hutamwona. Safari ya pili, asubuhi moja, ndege alipita upande wangu yeye akiwa ameinama anafunga kiatu, nikamweleza rangi ya mdomo na ya mkia. Hakuuliza swali lake. Aliandika kushoto. Tangu siku hiyo, nilichokiona mimi alikihesabu amekiona yeye, na mimi nikajiona nimepandishwa cheo.

Hakuwa malaika, nisije nikamtia chumvi. Mpaka saa tatu asubuhi hakuzungumza na mtu, ukimsemesha anakutazama kama umemkanyaga. Alisahau kwamba mtu mwingine naye husikia njaa. Aliwahi kuniacha chini ya mvua msituni Kisarawe, akaenda na gari maili mbili akifuata sauti, akakumbuka baadaye kwamba alikuja na mwenzake. Alimgombeza mtu akirusha jiwe kwa ndege, lakini kuku wa kuchoma alimla mpaka akafyonza mifupa, na ukimwuliza tofauti iko wapi alisema kuku hana mlio wa kupendeza. Kule Gwata aliwakuta wakulima wakifukuza ndege kwenye mpunga, akaanza kuwasomea. Mwanamke mmoja aliyekuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kufukuzia ndege, akiamia shamba lake, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwomba apande akae naye. Alikaa. Aliona ndege walivyoshuka na walivyoacha mashuke matupu. Kufika saa sita Mama Ndege mwenyewe alikuwa amesimama juu ya dungu anapiga debe na kupiga kelele, kofia imemwanguka, na hao aliokuwa anawafukuza ndio ndege aliotoka Ulaya kuwatafuta. Aliporudi garini aliandika ukurasa mzima kushoto.

Jambo moja lilimshinda: neno mila. Ukimwambia kitu ni mila, alikikubali hapo hapo ameinamisha kichwa. Nadhani aliwaona Wazungu wenzake wakidharau desturi za watu, akaapa yeye hatakuwa hivyo. Angeweza kukuhoji saa nzima juu ya unyoya mmoja, lakini mila hakuihoji. Nililijua hilo. Naliweka hapa ili mnielewe baadaye.

Sasa mimi. Mimi ni Mnyamwezi, na Mzaramo ni mtani wangu. Mzenga nilikuwa na mtani mmoja mahususi, bwana aliyeuza chai na mihogo ya kuchoma karibu na kituo cha reli. Mama Ndege alipenda kimsitu kilichokuwa karibu na hapo, na akiwa ameingia kichakani mimi nilikaa kwa mtani wangu tukitukanana kwa raha. Yeye aliniita mbeba mizigo wa kurithi, akauliza kichwa changu kimechongwa hivyo kwa ajili ya pembe za ndovu au za nyati. Mimi nilimwambia Mzaramo akipewa shamba hulima ngoma.

Safari ya pili, watu walizoea sana gari letu. Walikaa juu ya boneti, waliandika kwa vidole kwenye vumbi, na mtu mmoja akaondoka na kioo cha pembeni. Kila mkwaruzo nilikuwa naujibu mimi kwa tajiri. Siku hiyo watu wamejaa kibandani, mtani akaniuliza bibi yangu anatafuta nini vichakani tangu alfajiri.

Nikamjibu, "Anatafuta Mzaramo mnono. Ile darubini inaona damu ndani ya mwili. Akimpata ananiambia nifungue buti."

Mtani alicheka mpaka akashika nguzo. Miaka hiyo hakuna mtu wa pwani asiyejua habari za mumiani, watu wanaosemekana kukamata wenzao na kuwatoa damu ipelekwe kwa Wazungu ikatengenezwe dawa. Kwangu na kwake hayo yalikuwa maneno ya kuchekea. Lakini kulikuwa na watu wengine pale ambao si watani zangu, kina mama waliokuja kununua chumvi, watu wa vitongoji vya ndani, na hao hawakucheka. Niliwaona. Kesho yake hakuna aliyegusa gari.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ningezunguka vitongoji vile kwa miguu, nicheke, nieleze. Badala yake nikaona nimepata dawa. Tulikwenda kijiji cha pili nikasema maneno yale yale, na cha tatu, sasa hata sicheki nikiyasema, na gari la tajiri likarudi Dar es Salaam linang'aa. Mara ya kwanza nilikuwa natania. Zile nyingine siwezi kuziita utani.

Miaka miwili ikapita, Mama Ndege akaja tena. Asubuhi ya siku yetu ya pili Mzenga, tumesimama ukingoni mwa msitu, mtani wangu akaja mbio, kanzu ameikunja mkononi. Mke wake alikuwa na uchungu tangu juzi, na mkunga alikuwa amenawa mikono na kusema yake yamefika mwisho, watafute gari la kwenda hospitali. Mama Ndege hakuuliza kitu. Alitupa nje sanduku lake, makopo, miguu mitatu ya darubini, vyote majanini, akatandika blanketi lake kiti cha nyuma. Tulifika nyumbani kwa mtani vumbi likitufuata.

Mama wa mgonjwa alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia, shikamoo mama. Hakuitikia. Alilitazama gari, akaitazama ile darubini iliyokuwa bado inaning'inia shingoni kwa Mama Ndege, kisha akanitazama mimi. Alisema kwa Kizaramo, na Kizaramo cha watu wazima Mama Ndege hakukijua.

"Wewe si ndiye uliyesema anaona damu?"

"Nilitania, mama."

"Na sasa je, unatania?"

Mtani wangu akaingilia, akaapa kwa Mungu kwamba ulikuwa utani, kwamba aliambiwa yeye mwenyewe na alicheka mwenyewe. Mama mkwe wake hakupaza sauti. "Utani ni wako na yeye," akasema. "Binti ni wangu." Mashangazi wawili wakaja wakasimama kando yake, mlango ukaziba. Nikaapa na mimi. Lakini ni mdomo ule ule uliosema mwanzo, na kila nilivyoapa niliona wanazidi kurudi nyuma.

Mama Ndege alikuwa kwenye usukani, injini inanguruma. Akaniita dirishani akauliza wanasemaje.

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko yoyote maishani mwangu. Ningemwambia kweli, najua angefanya nini. Angezima injini, angevua darubini, angeshuka na kutembea kuelekea msituni mpaka asionekane, aniachie mimi na mtani na ndugu zake gari. Ndivyo alivyokuwa. Na huenda yule mama angekubali mtoto wake apande gari lisilo na Mzungu ndani. Lakini kumwambia kweli ni kumwambia kwamba miaka miwili nyuma nilimtangaza ni mnyonya damu ili boneti lisichafuke. Nikaona aibu. Nikasema, "Wanasema mila hairuhusu mwanamke mwenye uchungu kupanda motokaa."

Akainamisha kichwa.

Wanaume wanne wakambeba mgonjwa kwa kitanda cha kamba, mama yake akiwa mbele na mtani wangu akishika mguu mmoja wa kitanda. Walishika barabara kwenda kwenye zahanati ya misheni, mwendo wa saa nyingi. Mama Ndege aliwafuata kwa gari, polepole kabisa, milango ya nyuma wazi, akisema huenda watachoka na huenda watabadili nia. Nilimwambia tugeuze. Akaniambia mila ni mila lakini njia ni ya wote. Mimi nilikuwa najua kule mbele wanaona nini: gari la mumiani linawafuata, milango imefunguliwa tayari. Waligeuka, wakaongeza mwendo. Tukaongeza. Mwishowe yule mama akanyoosha mkono na wote wakaiacha barabara, wakaingia kijia cha porini ambamo gari halipiti.

Mama Ndege alishuka akasimama pale kijia kilipoanzia. Aliuliza kwa nini wameacha barabara. Nilimwambia ni njia ya mkato.

Hawakufika. Waliporudi tuliwaona kwa mbali, na walikuwa wanatembea taratibu, kitanda kimefunikwa. Mtoto naye hakuwahi kulia.

Mke wa mtani wangu alizikwa siku hiyo hiyo alasiri. Mnaojua msiba wa Kizaramo mnajua kwamba mtani ana kazi yake pale. Mtani ndiye anayelizuia jeneza njiani, anayelala chini mbele ya wabebaji, anayesema marehemu alikuwa mchoyo na ugali wake ulikuwa mbichi, mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Usipofanya umewanyima haki yao. Wakati jeneza linatoka, mtani wangu alinijia, macho yamekauka, akanishika bega. "Mtani, watu wanakungoja," akasema.

Nikasimama mbele ya jeneza. Watu walikuwa wameshaanza kuweka nyuso tayari kwa kicheko. Nilimwona yule mama. Nilijua kwamba nikitania, natania kwa mdomo uliomuua, na nisipotania, watasema mumiani amenifunga ulimi. Nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Nilisimama hivyo mpaka mzee mmoja akanisogeza kando kwa kiganja, kwa upole, jeneza likapita, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema taratibu kwamba basi lile neno halikuwa utani.

Mama Ndege aliyaona hayo akiwa nyuma kabisa na wanawake, amejifunika kanga kichwani, wanawake wamemwachia nafasi kubwa pande zote. Garini akaniuliza nilisimama pale kwa ajili gani. Nikasema nilikuwa naaga. Alitoa daftari akaandika, na mimi nikachungulia. Aliandika kwa Kiswahili: *Mwanamke mwenye uchungu hapandishwi motokaani. Mila.* Aliliandika kushoto.

Alikuwa na haki ya kuliandika hapo. Kwa hesabu yake, nilikuwa nimeona mimi.

Ikapita miaka mingi kabla hajarudi, nikadhani hatarudi tena. Watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za Uhuru bila kunong'ona siku tajiri aliponiambia niache milango wazi juani. Mama Ndege aliteremka melini ameshika fimbo, nywele zote nyeupe, na nyuma yake wapagazi wawili wamebeba kitu kirefu kilichofungwa gunia. Aliinusa motokaa, akatikisa kichwa kukubali, kisha, kwa mara ya kwanza, akaniambia niendeshe mimi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Hakutaka Kibaha wala Gwata. Alitaka Mzenga.

Tulilifunga gunia juu ya paa. Njiani akanieleza kilichomo. Kule shuleni kwake alikuwa amewasimulia wanafunzi wake habari ya nchi ambayo mwanamke mwenye uchungu haruhusiwi kupanda motokaa, na mabinti wale walipika keki na kufuma soksi na kuuza, mwaka baada ya mwaka, mpaka fundi wa baiskeli wa mji wao akatengeneza machela yenye magurudumu mawili, turubai la kuzuia jua, na mikono minne ya mbao ya kusukumia. Si motokaa, akasema. Mila haikuguswa. Aliyasema hayo kwa aibu kidogo, kama mtu anayetoa zawadi asiyojua kama itafaa.

Pugu nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikaiacha. Nilikuwa na nafasi Kisarawe tulipokunywa chai, chai yake ile isiyo na sukari, nikaiacha pia. Niliendesha nikitazama barabara na sikuona ndege hata mmoja.

Mzenga walitutambua. Kina mama waliokuwa kisimani walishika ndoo zao wakaingia ndani. Mtani wangu peke yake alibaki kibandani kwake, amezeeka, hakuoa tena. Aliniamkia kwa adabu tu. Tangu yale mazishi hajawahi kunitania, na sijui kama kuna Mnyamwezi mwingine aliyewahi kuamkiwa kwa adabu na Mzaramo na akaumia kama nilivyoumia mimi. Tuliteremsha gunia, tukalifungua. Mama Ndege alitoa hotuba yake, polepole, kila neno mahali pake: kwamba hakusahau, kwamba anaheshimu mila ya watu wa hapa, na kwamba yeye na wanafunzi wake wameleta kitu ambacho hakivunji mila hiyo.

Mtani aliyapokea machela kwa mikono miwili, akashukuru, akayasukuma hatua mbili mbele na mbili nyuma. Kisha akasimama.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "nani alikwambia sisi hatuwapandishi motokaani? Juzi shemeji yangu tulimpeleka kwa lori la mkonge."

"Dereva aliniambia," akasema Mama Ndege. Akanigeukia.

Niliyasema yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Kioo cha pembeni, mumiani, kijiji cha pili na cha tatu, maneno ya yule mama mlangoni, kijia cha porini. Alinisikiliza shingo imeinama upande mmoja, kama alivyosikiliza mlio asioujua, na hakunikatiza. Mtani wangu alikuwa anatazama chini. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, lile nililokuwa naliogopa kwa miaka yote.

"Siku ile, kama ningeshuka na kuondoka, wangempakia?"

"Nadhani, Mama."

Akamtazama mtani. Mtani akajibu kwamba mama mkwe wake amekwisha kufa na hakuna wa kumwuliza.

Mama Ndege aliketi juu ya yale machela. Alifungua mkoba wake akatoa daftari la zamani, gamba limechanika, akafunua kurasa akiziweka karibu kabisa na macho mpaka akaipata ile. Akaweka kidole. "Nimeliandika upande wa niliyoyaona," akasema. Hakusema kwa hasira. Alitoa kalamu akanipa mimi.

Nilifuta mstari ule. Nikaandika chini yake, kwa mwandiko wangu mbaya, kwamba mila hiyo haipo na kwamba dereva alisema uongo. Nikamwuliza niyaweke upande gani. Alinyoosha mkono achukue kalamu yake, nikayaacha hapo hapo kushoto. Aliusoma ukurasa, akafunga daftari, akamwamkia mtani wangu kwa mikono miwili na kumpa pole ya msiba upya, kama vile mke wake amekufa asubuhi hiyo.

Tuliporudi alishika usukani mwenyewe, na macho yale. Nilikaa kushoto. Karibu na Kisarawe hondohondo akakatiza barabara mbele yetu, chini kabisa, mabawa yanavuma. Hakufunga breki. Sikujua kama amemwona. Nikasema, "Hondohondo, Mama, kaenda kulia." Aliendelea kuendesha, na hakuniuliza kama nimeona au nimeambiwa.